Daftari la Mangamba

Mimi ndiye katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu wanaume walikwishagawana vyeo vingine.
Nimepewa kaunta ya kwaya mbili, kalamu moja ya bluu,
na amri: "Somoe, hesabu watoto."

Nimehesabu.
Kuanzia kwa Nampota muuza mkaa
hadi kule bondeni kwa wageni wa Newala na Tandahimba
waliofuata kiwanda, wakakuta kibarua cha siku mbili kwa wiki.
Mia mbili na kumi na wanne, wa miaka mitano hadi saba.
Tumezidi. Hata adhana sasa
inafika nyumba za mwisho imechoka.

Shule ya serikali ipo, sina ugomvi nayo,
ila iko ng'ambo ya lami, na lami ni ya malori ya saruji,
na darasa la kwanza wanabanana wanne dawati moja
kama vidole vilivyokosa dole gumba.

Kwa hiyo baada ya isha tunakaa barazani pa msikiti,
taa ya sola katikati, kumbikumbi wakizama kwenye chai.
Jina la shule tumelijadili vikao vitatu.
Mmoja alitaka Nuru. Mmoja akataka jina la marehemu baba yake,
wa tatu akasema, kama ni hivyo, hata mimi nilikuwa na baba.
Niliandika: *Jina limeahirishwa.*
Nikaandika chini yake: *Choo bado hakijatajwa.*

Fedha ni korosho, shilingi hamsini kila kilo.
Mnada wa kwanza tulikuwa na madarasa saba.
Mnada wa tatu tukabaki na matano.
Kisha mvua isiyo na adabu ikazinyeshea zikiwa bado juani,
tukabaki na matatu,
na ofisi ya mwalimu mkuu ikawa kabati.

Bi Asumini Mnali hakuwa mjumbe. Alileta birika tu.
Akaliweka chini, akauliza:
"Wasichana wakifika darasa la sita,
komeo la choo litakuwa upande wa ndani au wa nje?"
Kimya. Kumbikumbi peke yao.
Ustadhi Hemedi akaigeuza ramani, upande wa pili mweupe,
akaanza kuchora upya, safari hii kwa kuanzia nyuma.

Halafu Lukasi Chilumba, fundi, aliyekuja kutuonyesha bei ya nondo,
akasema bila kumtazama mtu:
"Veronika wangu naye anavuka lami ile ile."
Mzee Nachundu akakohoa: shule ni ya dini.
Wakanigeukia mimi. Somoe, daftari linasemaje?

Daftari lilisema Chilumba, Veronika, miaka sita, namba mia thelathini na moja.
Nilikuwa nimepiga mstari wa jina, wa umri, wa nyumba.
Mstari wa dini nilisahau kuupiga.
Au sikusahau.
Tulibishana mpaka taa ikafifia. Kipindi cha dini atakaa wapi?
Atavaa nini kichwani? Padri wake atasemaje?
Niliandika: *Mjadala unaendelea,*
na namba mia thelathini na moja sikuifuta.

Leo Lukasi amefunga kamba za msingi.
Jioni nilipita kiwanjani kuhakiki vipimo,
nikawakuta wameshafika, wachafu, miguu mitupu,
mmoja anagonga rimu bovu kwa jiwe: kengele.
Kamba iko chini ya magoti yao, mbuzi anairuka atakavyo.
Lakini wao walipanga foleni
wakaingia wote palipoachwa nafasi ya mlango.

Nilifungua daftari. Saa: kumi na mbili kasoro robo.
Mahudhurio: nimeshindwa kuhesabu,
walikuwa wanakimbilia kukaa mbele.