Kamusi ya Ukutani

Mkewe daktari wa watoto, hospitali ya Wete.
Yeye fundi kutoka Kuba, asiye na kazi wala lugha.
Siku ya nne, baraza imemchosha,
aliifuata sauti ya msumeno hadi kwangu, Limbani,
akasimama mlangoni, kofia mkononi,
kama mtu aliyeleta posa.

Nikajigusa kifua: Shoka. Faki Shoka.
Hakunipata. Nikalinyanyua shoka lenyewe.
Akacheka mpaka akashikilia jiriwa.
"Hacha," akasema, na h yao haitamkwi;
basi tangu siku ile mimi ni Acha.
Acha, njoo! Acha, shika!
Wanagenzi wangu mbavu hawana:
bosi kila akiitwa anaambiwa aache kazi.

Ndivyo tulivyoanza. Penseli ya seremala, ukuta wa chokaa.
Nyundo: *martiyo*, nililiandika nilivyolisikia.
Msumeno ni *siera*, na siera ni milima pia;
alichora hewani vilele, jino baada ya jino.
Nikamwonesha dirishani vilima vyetu vya mviringo:
huu wa kwetu, fundi, umelika meno.

*Lima*, akaniambia, kanyoosha mkono,
nami macho yakatafuta jembe. Kumbe ataka tupa.
Jeki ya gari wanaiita paka. Usiniulize.
Na meza, hapa tulitazamana,
meza ni meza.
Watu husema Mreno alituachia ng'ombe wa kucheza;
naona alisahau na meza.

Yapo yaliyonishinda. Lile la parafujo
ulimi uliliteleza kama bisbisi iliyolika ncha.
Naye timazi hakuiweza hata siku moja,
timasi, timasi,
lakini akiishusha uzi haukutikisika,
na fremu ya mlango wa msikiti wa Jadida
ni yake, upande wa kulia. Nenda kapime.

Mwezi wa Kumi nilimpa kiganja cha misumari.
"Klavo," akasema. Nikaandika, nikapiga mstari chini.
Kesho yake anapita uani,
Mize ameanika karafuu, jamvi limeota wekundu,
fundi akainama, akaokota punje moja,
akainusa kwa muda, kama anayesoma barua ya nyumbani.
"Klavo."

Siyo, fundi. Klavo ni huu. Nikamtolea msumari mfukoni.
Akauchukua. Akaulaza kiganjani pake
ubavuni mwa karafuu.

Kichwa. Shina. Ncha.

Miaka hamsini na tatu.
Nimekwea mikarafuu nikiwa sijaota ndevu,
nimechambua makonyo usiku kwa kibatari,
nimemtilia bibi karafuu kwenye jino bovu
na kumwona akilala,
nimepigilia misumari isiyo idadi, mingine kwenye majeneza,
na vitu hivi viwili
sijapata kuviweka katika mkono mmoja.

Mize, hata kichwa hakuinua:
"Basi kisiwa hiki kimepigiliwa.
Ndo maana hakijachukuliwa na maji."
Sikuwa na maneno ya kumfasiria fundi.
Nikapiga nyundo hewani, nikaonesha ardhi.
Alifahamu. Au alicheka tu, kwa adabu.

Mkataba wa mkewe uliisha Machi.
Aliniachia randa yake, mpini umeshika umbo la kiganja
kisicho changu; naitumia, hainizoei.
Karafuu alifunga kwenye leso, kilo nusu,
kwa mama yake mwenye meno mabaya.

Idi ilipokaribia
wanagenzi walikuja na ndoo ya chokaa na brashi,
ukuta uchafu, wanasema, wateja wanashangaa.
Brashi ilikwisha kugusa milima.

"Acha!" nikasema,
nikageuka
nione nani ananiita.