Msanii Hajulikani

Sanduku limetoka Osaka, miezi miwili njiani.
Forodhani wakalipasua, wakauliza: redio hii?
Nikasema ni kabati la nyimbo.
Wakanitoza ushuru wa kabati.

Plagi yake bapa haikuingia ukutani Kitangiri.
Nikanunua transfoma Makoroboi,
ikanguruma kama friji ya sangara.

Usiku nikalilisha kanda za baba, mojamoja.
Umeme ukakatika; tukaanza upya.
Likasikiliza, likaandika kiooni:
Msanii hajulikani.
Msanii hajulikani.

Kanda ya saba, ngoma ikaisha.
Kikohozi. Kisha sauti yake:
"Nyanzobe, funga dirisha, wadudu wa ziwani wanaingia."

Nikainuka, nikafunga.

Ndipo nikaketi, herufi kwa herufi,
nikaandika: Luhende, fundi baiskeli, Mwanza.