Sahihi

Paisley, Februari. Mvua inakuja kiubavuubavu.
Ofisini nimeilaza taa pembeni mwa karatasi
ili kila mfereji wa kalamu utoe kivuli chake.
Wasia, ukurasa wa tatu. Chini kabisa:
E. M. Gilmour,
kwa wino wa buluu, siku tisa kabla ya mauti.

Kando nimetandaza umri wake:
hundi za umeme, kadi za Krismasi,
daftari la kodi la mwaka sitini na nane,
kikaratasi cha dukani: siagi, uzi wa kijivu, chakula cha paka.
G yake ilikuwa na mkia wa maringo,
ukishuka, ukijikunja, ukirudi kujishika kiuno.
Miaka hamsini haikuutikisa.
Kisha kiharusi, na mkia ukakatika.

Mpwa wake, Fraser, anadai imeghushiwa.
Eti Senga, mlezi wa zamu ya usiku
(Senga: ni Agnes, limeandikwa kinyumenyume),
kaiga jina, kajipa nyumba.
Wakili anataka kwangu neno moja tu.

Mwigaji namjua. Huchora, haandiki.
Huinua kalamu katikati ya herufi
kutazama alikotoka. Wino wake haupumui.
Huu si huo.
Huu unakwenda, unagota, unavutwa;
M inapanda kwa nguvu za mtu mmoja
na kuteremka kwa uchovu wa mwingine.
Kalamu moja, mikono miwili.

Nikasema hivyo kizimbani.
Aliandika Bi Senga? La.
Aliandika marehemu? Si peke yake.
Sherifu akavua miwani:
Alisaidiwa, au alilazimishwa?

Somo la mwandiko, Tanga, darasa la kwanza.
Mwalimu Zuhura, vidole vimejaa chaki,
kiganja chake juu ya changu, tukaiviringisha a.
Alinibana hadi ikauma.
Ile a, mpaka leo sijui ni ya nani,
ila nyumbani nilisema nimeiandika mimi
na hakuna aliyeniita mwongo.

Kwa lugha yangu neno ni lile lile:
sahihi, jina ulilotia;
sahihi, jambo lililo kweli.
Huku wameyatenga,
nami nalipwa kupima umbali uliobaki.

Wino, Mheshimiwa, unaonyesha nguvu.
Hauonyeshi nia.
Akaandika. Fraser akacheka kwa pua.

Mlangoni karani akanipa kitabu cha wageni.
Nikatia sahihi ya kutoka chini ya ile ya asubuhi.
Hazikufanana. Za mtu wa kweli hazifanani;
zikilingana sawasawa, moja ni ya mwizi.

Nje, upepo uliupindua mwavuli wa Senga.
Alisimama kando ya kituo cha basi
akipigana nao kimyakimya,
mkono wa kulia umeshika mpini,
wa kushoto umeushika wa kulia.