Ukucha wa Ishirini na Moja

"Tingatinga iko wapi?"
Sauti ilitoka safu ya nyuma, gizani,
na ukumbi mzima ukacheka kwa uchungu,
kwa maana sote tulikuwa tukilingoja lile tingatinga la manjano
ambalo Jitutope alilitafuna mwaka wa tisini na tatu
kwenye kurasa mbili zilizofunguka kama mlango,
bolti zikimdondoka mdomoni mithili ya punje za mahindi.

Kwenye skrini hakuna tingatinga.
Kuna chombo cha angani kinachorusha miale,
na Jitutope wetu, mwana wa Mto Nairobi,
aliyezaliwa chini ya daraja la Gikomba
kwa maji ya ngozi na oili chafu ya gereji,
ana kifua cha mtangaza sabuni.
Amenyolewa. Ananguruma kwa Kiingereza.
Hanuki.

Mnajua maana ya kutonuka?
Kitabuni, harufu ndiyo iliyomtangulia.
Wafubwa aliichora kwa mistari mitatu iliyopinda
na watoto wa Kariobangi wakaziba pua
mbele ya karatasi kavu.
Mwenye kiwanda hakuyakimbia meno.
Alikimbia uvundo wa vitu alivyovitupa mwenyewe.

Mimi nilikuwako. Jina langu halimo ukurasani.
Chumba cha juu, Barabara ya Kirinyaga,
chini yetu mafundi wakinyoosha bodi za magari kwa nyundo.
Wafubwa alichora kwa penseli, mimi nikapitia kwa wino.
Shilingi mia mbili kwa toleo, na chai.
Nilimpa Jitutope vivuli, magamba, kope,
na kucha.

Hizo kucha.
Toleo la nne, usiku, stima ikapotea.
Nikamalizia kwa mwanga wa koroboi, na kalamu ikatema.
Tone likaanguka kando ya kidole gumba, mguu wa kushoto.
Wafubwa akainama, akatazama, akapiga miayo.
"Mpiga chapa anatungoja saa mbili asubuhi.
Livute tu, Mutheu, liwe ukucha."
Nikalivuta.

Taa zikawaka.
Ngazini watu walisimama kama waliotoka maziko
ambako marehemu amevishwa suti isiyo yake.
Kerubo alikuwa amejipaka tope la kweli hadi masikioni
(mlangoni walimruhusu kwa sharti atandike gazeti kitini);
akasema tuwe wakweli jamani, macho wameyapatia.
"Macho? Hata mbuzi ana macho."
Kijana mmoja akakiri kwamba yeye hajawahi kusoma,
na filamu ameipenda;
wakamtazama kama aliyekutwa akila mchana wa Ramadhani.

Na Abdirizak, ambaye tulikaa bega kwa bega,
aliyelia bila kujificha pale daraja lilipoanguka,
akanigeukia mimi, mwanamke mzee asiyemjua:
"Ukucha wa ishirini na moja, mama. Wameukata.
Na kila mtu anajua ule ni wa mamake,
aliyechukuliwa na mafuriko.
Umemuota mguuni ili kila hatua wakanyage pamoja."

Kila mtu anajua.
Wafubwa hakujua, naye amelala Webuye
mwaka wa kumi na moja huu.
Mimi sikujua.

Akapandisha suruali.
Juu ya kifundo, tatuu: mguu mzima wa Jitutope,
magamba yangu yote, na pale kando ya gumba
tone langu,
pamoja na kile kijimkia mahali kalamu ilipokwama,
vinyweleo vya mtu vikiota katikati yake.

Koroboi ilinijia ulimini. Nikaimeza
na moshi wake.
"Wamekosea," nikasema. "Mguu wake ulikuwa hivyo hivyo."

Akafurahi. Akashusha suruali polepole,
kama mtu anayefunika mtoto.
"Kumbe mama nawe ulikuwa ukisoma?"

"Hapana," nikasema, "nilikuwa nikipitia tu."