Mkebe wa Hesabu

Saa kumi, kengele ya mwisho, Mbale.
Wengine wanakimbilia mpira;
sisi kumi na wawili tunachambua mnavu
juu ya meza ya sayansi.

Mwalimu Kageha hupima mafuta kwa kifuniko cha soda:
kimoja, basi.
Ukizidisha, sufuria zote ni zako kuosha.

Lihanda, bingwa wa vibanzi vya stendi,
alionja, akakunja uso,
akaonja tena kuhakikisha uchungu.
Mara ya tatu hakutoa sababu.

Bikari nikaitia mfukoni,
mkebe wa hesabu nikaujaza mboga.
Njia nzima ilinichoma paja.

Mama, cherehani ikingali mguuni,
akala kwa vidole viwili, kimya.
Kisha: "Chumvi mlimwachia nani?"
Na pembe za mkebe akazilamba.