Hakuna Aliyenipiga

Muuguzi Cibalonza aliuliza kama nilipigwa utotoni.
Nikasema hapana. Na ni kweli.
Baba hakuinua mkono.
Baba alikuwa akinyamaza.

Siku kumi na moja, kwa ajili ya kikombe.
Nilikuwa na miaka saba. Nikampashia maji ya kuoga,
nikampangia viatu mlangoni, ncha zikitazama nje,
naye akamwambia mama:
mwambie mtoto wako aniondokee penye mwanga.
Mtoto wako.
Siku ya kumi na mbili akarudi na mandazi,
akanirusha juu karibu na mabati,
akaniita malkia wa Kadutu.
Sikujua kosa lilikwisha lini.

Basi nikazisoma ngazi.
Sitini na nne, za udongo, kutoka barabarani hadi kwetu.
Kiatu chake kikigusa ile ya ishirini
nilishajua usiku ule niwe mtoto gani.

Miaka ishirini baadaye
sikulala usiku sita.
Nilipaka kuta rangi ya limau, nikakopa vitenge sokoni
nikawagawia wanawake wabeba mizigo,
nikachora daraja la kwenda Idjwi, na bei ya kila msumari.
Nilikuwa nimerushwa juu, na mabati hayapo.

Kisha mvua za Machi, na kitanda.
Nabintu akinilisha uji kwa kijiko,
mimi nikikitafuta akilini kikombe nilichovunja.

Na katika ukoo?
Shangazi, nikasema. Yule waliyemfunga kamba
wakamwita mchungaji.
Cibalonza akaandika. Hakusema ni baba. Hakusema si baba.
Alinionyesha stabilizatere kando ya friji ya dawa,
mshale wake ukiruka kama panzi:
umeme wa Bukavu huja upendavyo, dada.
Kuna waya huzaliwa mwembamba.
Nao ukipitishiwa hivi kila siku...
Akafunga kalamu.

Vidonge viwili, usiku. Mikono hutetemeka kidogo,
chai humwagika kwenye sahani.

Jana Ashuza alivunja kikombe.
Ana miaka minne. Hakulia.
Aliinua macho, akanisoma uso
polepole, ngazi kwa ngazi.

Nikakaa chini, sakafuni, katikati ya vigae.
Nikasema: kikombe tu, baba. Ni kikombe.
Nikarudia kwa sauti
ili na mimi nisikie.