Tepe

Mama alifanya kazi gizani,
orofa ya chini ya chuo kikuu, mjini Oulu, Ufini,
nyuma ya milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja.
Taa yake nyekundu ilikuwa hafifu kama kaa linalotaka kuwa jivu,
maana hamsta hawaijali rangi hiyo:
walidhani ni usiku mtupu, usio na mtu.

Shuleni nilipoulizwa mzazi wangu anafanya nini
nilijibu: anasubiri panya waamke.
Mwalimu alicheka. Mama, alipoambiwa, hakucheka.
"Hujakosea hata neno," alisema.

Kila kizimba kilikuwa na gurudumu,
kila gurudumu na waya, kila waya na kalamu
iliyopiga kistari mnyama alipokimbia.
Asubuhi aliikata karatasi kwa mkasi, siku baada ya siku,
akabandika utepe wa leo chini ya utepe wa jana
kwa gundi iliyonuka hadi kwenye mikate yetu.
Jua halikuingia mle. Wala kengele. Wala jogoo.
Nao wakaamka.
Kila siku wakaamka, wakichelewa kidogo, dakika tisa, dakika kumi na moja,
mpaka ule weusi ukashuka ubaoni mshazari
kama ngazi iliyosahauliwa ukutani.
Awike asiwike, kutakucha: hilo kila mtu analijua.
Mama alitumia miaka thelathini na minne
kuuliza kunakucha wapi.

Mwaka wa saba, fundi mgeni, Taisto,
alisahau kuzima taa ya dari. Robo saa tu.
Kazi ya miezi kumi na minne ikaruka nje ya mstari.
Mama alilia jikoni na koti lake mwilini,
theluji ikimyeyukia mabegani,
kisha akanyamaza ghafla, akaomba penseli.
Kesho yake alimwambia: "Taisto, rudia kosa lako.
Safari hii, saa nyingine."

Baba alikuwa mtu wa zamu kiwanda cha karatasi.
Wiki ya asubuhi, wiki ya jioni, wiki ya usiku.
Mchana alilala nyuma ya blanketi lililopigiliwa dirishani,
nasi tukinyata kwa soksi, wezi katika nyumba yetu wenyewe.
Juni, jua la kule huzama kwa kubembelezwa;
lilipenya kwenye tundu la msumari,
likamwekea sarafu ya nuru shavuni.
Ulikuwa usingizi wa mang'amung'amu, miaka ishirini.
Mama aliwajua wanyama wake kwa namba:
104 mdamka, 231 mzembe.
Ya baba hakuiandika.
Moyo wake ulisimama saa kumi alfajiri, zamuni,
amekaa kitako kando ya mashine
iliyoendelea kuviringisha karatasi.
Karatasi za mama zilitoka huko.

Ndipo alipowaacha hamsta, akawafuata watu:
wauguzi, madereva wa matrela, waoka mikate.
Aliwafunga mkononi kisaa kisichoonyesha saa.
"Unalala lini?" aliwauliza,
wakatazama chini kama walioulizwa habari ya deni.
Hilkka Rautiola, mkunga, alimjibu:
"Silali, daktari. Nazimika."

Mbele ya tume ya wizara, saa tisa mchana,
alieleza kwa nini zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo.
Mjumbe mmoja alisinzia, kidevu kwenye tai.
Mama hakumwamsha. Alishusha sauti tu, akaendelea.
Pendekezo halikupita.

Nilimsaidia kuhamisha ofisi alipostaafu.
Chini ya droo palikuwa na ubao mmoja usio na namba,
tepe zake zimechorwa kwa mkono, kwa wino.
Wiki za mwanzo weusi umetawanyika kama ufuta uliomwagika,
mchana, usiku, popote.
Kisha unaanza kusogea, unapotea, unarudi,
na wiki ya kumi na saba umejikusanya upande mmoja.
Nilitafuta tarehe. Ni mwezi niliozaliwa.
Pembeni, kwa penseli:
*Leo amelala mpaka kumekucha.
Mimi nimekesha, nikihesabu pumzi.*